Kazi Ikiisha, Mwambie Mkeo



Je, mume aliyepoteza kazi anaweza kumficha mkewe habari hiyo kwa sababu ya upendo? Wapo wanaojibu ndiyo. Husema, "Sitaki mama watoto ashikwe na presha." Basi kila alfajiri baba hupanda matatu ya Athi River kama kawaida, na jioni hurudi akisema amechoka.

Sisi wa Kitengela tunajua kwamba viwanda hufungwa. Kiwanda cha nyama cha KMC, hapo jirani Athi River, kilikaa kimefungwa miaka mingi hadi kilipofunguliwa tena mwaka 2006. Mwaka 2014 kampuni ya Cadbury ilifunga kiwanda chake cha Nairobi, na watu wapatao 300 wakapoteza kazi. Hawakuachishwa kwa uvivu. Baba, ikiwa kosa si lako, aibu ni ya nini?

Tazama sasa matunda ya siri hiyo. Mama hajui, kwa hiyo anachukua mkopo katika chama na kumwahidi mwalimu karo. Anapanga kwa mshahara ambao haupo. Uliyetaka kumkinga umemwachia deni. Tena, mbele ya altare mliahidiana raha na shida. Anayeficha shida amechukua nusu ya ahadi ya mwenzake bila kumwuliza. Huo si upendo. Ni kulinda heshima yako mwenyewe.

Nanyi akina mama, jiulizeni kwa nini baba anaogopa kusema. Ikiwa amezoea kusikia kwamba mwanamume ni mfuko, atasema nini siku mfuko ukitoboka? Mlango wa ukweli hufunguliwa na wawili.

Jambo la mwisho ni fedha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mtu aliyepoteza kazi kwa kupunguzwa wafanyakazi angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Aliyefanya miaka 10 hupata wa siku 150, yaani miezi mitano hivi. Mkononi mwa mtu mmoja mwenye siri, fedha hizo huyeyuka. Kabla hazijaguswa, ketini wawili, muandike kodi ya nyumba, unga na karo, kisha muamue biashara mnayoiweza.

Kazi ikiisha, ndoa haijaisha. Mwambieni mwenzenu mapema, kabla hajaambiwa na jirani.