Dawa Imeisha

Mama yangu ana presha, anaishi Kisiba, na yumo kwenye kadi yangu ya Bima ya Afya kama mtegemezi. Mimi ni mwalimu, kwa hiyo kila mwezi makato yanapita kwenye mshahara kabla sijauona. Dawa zake huwa nazifuata Tukuyu mjini, kwenye duka moja ambalo sitalitaja, maana mwenye duka si mtu mbaya. Na hapo ndipo palipo na tatizo langu lote.

Jumamosi moja nilifika nimelowa (mvua ya Rungwe unaijua, haibishi hodi), nikatoa kadi na karatasi ya daktari. Kijana akaangalia, akasema, "Mwalimu, hii imeisha." Nikakaa pembeni kusubiri mvua ipungue. Akaja mama mmoja na noti yake mkononi, akataja dawa ileile, akapewa. Yaani mbele ya macho yangu.

Nilimrudia taratibu tu. Akaona haya kidogo, kisha akashusha sauti. "Kaka, nikwambie ukweli. Bei ambayo bima inanilipa kwa hiyo dawa iko chini ya bei ninayonunulia. Nikikupa, nimekulipia mimi. Na kukuomba uongeze hela siruhusiwi. Sasa nifanyeje? Nasema imeisha."

Tangu siku hiyo najiuliza: yule kijana alinidanganya, au alinieleza hali halisi kwa maneno ya kazi yake?

Kwanza tuelewe mtambo wenyewe. Mfuko wa bima hauwezi kumlipa kila muuzaji chochote atakachotaja, ungefilisika kabla ya mwaka kuisha. Kwa hiyo unaweka bei elekezi: dawa hii, kidonge kimoja, shilingi kadhaa, uwe umeinunua kokote na kwa yeyote. Ukiipata kwa chini ya hapo, faida ni yako. Ukiipata kwa juu, hasara ni yako. Kwenye karatasi ni haki tupu, bei moja kwa wote. Lakini tuseme bei ni shilingi mia kwa kidonge. Duka kubwa la Dar es Salaam linanunua makatoni na kupewa punguzo, linapata kwa themanini. Wa Tukuyu ananunua boksi mbili tatu, analipa usafiri, kidonge kinamfikia kwa mia na kumi. Usawa wa bei umezaa watu wawili wasio sawa.

Malumbano haya yaliwahi kuitikisa nchi nzima. Tarehe 1 Machi 2024, kitita kipya cha mafao cha NHIF kilipoanza kutumika, baadhi ya hospitali kubwa za binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko, zikisema bei zilizopangwa haziendani na gharama zao. Mfuko ukasema bei zake zimezingatia soko. Wagonjwa wakabaki katikati na kadi zao mkononi.

Ni rahisi kusema basi bei ipandishwe. Nami nilisema hivyo, kwa hasira, hadi niliposoma mambo ya Marekani. Kule kwa miaka mingi bima nyingi zililipa dawa kwa kufuata kipimo kilichoitwa bei ya wastani ya jumla. Jina zuri, ila bei yenyewe ilikuwa ya kwenye vitabu tu. Wenye maduka ya dawa walinunua kwa chini ya hapo. Wenyewe walitania kwamba herufi zake tatu maana yake ni "bei asiyoilipa mtu". Ikafika mahakamani: kampuni ya First DataBank, iliyokuwa ikichapisha bei hizo, ilidaiwa kushirikiana na msambazaji McKesson kuzivimbisha, na mwaka 2011 ikaacha kabisa kuzichapisha. Kwa hiyo kipimo kikiwa juu, wauzaji wanavuna. Kikiwa chini, wanaficha boksi. Namba ile ile, majaribu mawili.

Cicero, katika kitabu chake cha wajibu, anaweka swali ambalo ningependa yule kijana alisikie. Mfanyabiashara ametoka Alexandria na shehena ya nafaka, amefika Rhodes ambako kuna njaa. Njiani ameona meli nyingine zenye nafaka zikija. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Diogenes wa Babeli anasema kunyamaza si kuficha, mradi husemi uongo. Antipater, mwanafunzi wake, anasema hapana, wewe na mnunuzi ni jamii moja, unachokijua ni haki yake kukijua. Cicero anamuunga mkono Antipater.

Mimi pia niko upande wa Antipater, ila namwona kama mtu aliyeuza nafaka kwenye vitabu tu. Mfanyabiashara wake anaficha ili apate zaidi. Kijana wangu anaficha ili asipoteze, na bei hakuipanga yeye. Hata hivyo kuna kitu kinanikera katika neno "imeisha". Angesema "bei ya bima hainilipi", ningeondoka na hasira, ningepiga simu, ningeandika barua, pengine mtu mahali fulani angejua kuwa namba ile haifiki Rungwe. "Imeisha" haimlaumu mtu yeyote. Ukiisikia unaenda nyumbani. Namba inabaki palepale, safi, haina malalamiko. Kwa hiyo hata uongo wenye sababu unailinda bei iliyousababisha.

Wa Kisiba bei za mbali wanazijua. Mnunuzi wa ndizi anakuja na lori, anakutajia bei ya Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, Dar. "Wiki hii Mabibo imeshuka, mama." Nani atakwenda Mabibo kuhakikisha? Mkungu unauzwa kwa kipimo ambacho aliyeupanda hajawahi kukiona. Kisha hela hiyohiyo inashuka mjini kununua kidonge kwa kipimo kingine kilichopangwa mbali vilevile. Mama yangu yuko katikati ya bei mbili, na hakuna hata moja aliyoulizwa.

Siku ile nilitoa hela taslimu. Nilipofika nyumbani mama akauliza kadi imekubali? Nikasema imekubali. Sikutaka aanze kuruka siku moja moja ili vidonge vidumu, najua wanavyofanya. Basi na mimi nikawa nimeingia kwenye orodha ya waongo.

Akafurahi. Asubuhi yake akakata mkungu wa ndizi, akaniagiza nimpelekee yule kijana wa dawa, nimwambie ndaga fijo. Niliubeba kwenye bodaboda hadi Tukuyu. Kijana akautazama, akaugeuza, akaniuliza ni shilingi ngapi.