Kufanana na Kuwa Kitu Kimoja

Anayeanza kujifunza Python, lugha ya programu aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, hakai sana kabla ya kukutana na maswali mawili yanayoonekana kama moja. Alama `==` huuliza kama vitu viwili vinalingana. Neno `is` huuliza kama ni kitu kimoja. Kati ya maswali hayo pana ugomvi wa kale wa falsafa.

Chukua orodha ya mahitaji ya nyumbani:

`a = ["unga", "sukari"]`
`b = ["unga", "sukari"]`
`c = a`

Ukiuliza `a == b`, jibu ni `True`, maana yaliyomo ni yale yale. Ukiuliza `a is b`, jibu ni `False`: ni orodha mbili, kila moja na mahali pake kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Lakini `a is c` ni `True`.

Gottfried Leibniz, mwanafalsafa Mjerumani aliyefariki mwaka 1716, alishikilia kwamba vitu viwili haviwezi kufanana kwa kila sifa. Vikifanana kabisa, basi ni kimoja. Mwaka 1952 mwanafalsafa Max Black alimpinga kwa kuwaza ulimwengu wenye matufe mawili tu ya chuma, yasiyotofautiana kwa lolote. Ni mawili, ila hakuna sifa ya kuyatenganisha. Mfuasi wa Leibniz anaweza kudai kwamba `a` na `b` zinatofautiana angalau kwa mahali zilipo. Hata hivyo, aliyetazama yaliyomo tu hawezi kujua ipi ni ipi.

Mabadiliko ndiyo yanayofichua. Andika `c.append("chai")`, kisha ichapishe `a`: chai imo. Ichapishe `b`: haimo. Wanafunzi wengi hushtuka hapa, kwani walidhani `c = a` imetoa nakala. Haikutoa, imekipa kitu kile kile jina la pili. Mwanafalsafa Gottlob Frege alilichambua jambo la aina hii mwaka 1892 kwa mfano wa nyota ya asubuhi na nyota ya jioni: majina mawili, sayari moja, Zuhura.

Python ina pia `tuple`, mfuatano unaoandikwa kwa mabano ya duara, ambao, tofauti na orodha, ukishaundwa hauongezwi wala haupunguzwi. Tofauti hiyo ina uzito kwenye kamusi ya Python (`dict`), ambako kila thamani hutafutwa kwa ufunguo wake. Ukitumia orodha kuwa ufunguo, Python hukataa na kutoa `TypeError`. `Tuple` yenye maneno tu ndani yake hupokelewa. Kamusi hukokotoa namba kutokana na ufunguo ili kujua thamani imewekwa wapi, na ufunguo ukigeuka baadaye, thamani haitapatikana tena.

Je, kitu kikibadilishwa chote? Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, alisimulia merikebu ya shujaa Theseus, iliyong'olewa mbao zilizooza na kuwekwa mpya, na jinsi wanafalsafa walivyobishana kama bado ni ile ile. Mwaka 1655 mwanafalsafa Thomas Hobbes alizidisha ugumu: itakuwaje mtu akiziokota mbao za zamani na kuunda merikebu ya pili? Andika `a[:] = ["mchele", "mafuta"]`. Amri hii hubadilisha yote yaliyomo ndani ya orodha: hakuna kilichobaki cha mwanzo, lakini `a is c` bado ni `True`. Kwa Python, merikebu iliyokarabatiwa ndiyo ya Theseus.

Python inaweza kujibu hivyo bila kusita kwa sababu kila kitu ndani yake hupewa namba ya utambulisho kinapoundwa, na namba hiyo haibadiliki maadamu kitu kipo. Binadamu hana namba ya namna hiyo ya kukaguliwa. Bibi anayesema ni yeye aliyeingia darasa la kwanza miaka sitini iliyopita amebadilika mwili, mawazo na pengine imani. Mwanafalsafa John Locke angetafuta umoja wake katika fahamu inayoyakumbuka ya zamani. Waislamu na Wakristo wengi wangetaja roho. Locke ana kazi ya kueleza hali ya bibi huyo siku atakaposahau utoto wake. Wanaotaja roho wana kazi ya kueleza inatambulikaje kuwa ni ile ile.