Mkubwa Aliyekwenda Kuomba Radhi

Seremala hakosi usingizi kwa kusikia daktari kasifiwa. Anayemkosesha usingizi ni seremala wa duka la pili. Husuda hukaa pale pale penye ujuzi wetu, ndiyo maana hutuuma hata tukiwa tumefanikiwa.

Osamu Tezuka wa Japani, aliyemchora Astro Boy kuanzia mwaka 1952, alikuwa na sifa zote ambazo mchoraji wa vibonzo angeweza kuzitamani. Ndiye aliyemwita Shotaro Ishinomori, kijana wa sekondari aliyekuwa mdogo wake kwa miaka tisa, amsaidie kuchora. Kijana akakomaa. Mwaka 1967 akaanza kuchora hadithi iitwayo Jun katika COM, jarida la kampuni ya Tezuka mwenyewe. Ilikuwa kazi ngeni, maneno machache mno, picha zenyewe ndizo zikisema.

Tezuka akamwandikia msomaji mmoja kwamba ile si vibonzo. Habari zikamfikia Ishinomori. Fikiria uchungu wake: maneno yale yametoka kwa mtu aliyemfungulia mlango! Akataka kuiacha hadithi yake.

Tezuka alipojua, alimwendea nyumbani kuomba radhi. Hakutuma mtu, wala hakujitetea kwamba alikuwa akitoa maoni tu. Alikiri kuwa hata yeye haelewi kwa nini alifanya vile, na kwamba amejichukia kwa tendo hilo.

Wahenga wetu walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli kwa ng'ombe. Binadamu ana ulimi wa kuumiza, lakini ulimi huo huo unaweza kusema nisamehe. Kosa la Tezuka halikuwa kutoipenda Jun, kwani kila mtu ana macho yake. Kosa ni kumsema mwenzake pembeni, kwa mtu asiyehusika. Kama kazi ya mwenzako ina kasoro, mwambie yeye. Ukiona raha kuwaambia wengine, jihoji.

Tezuka alifariki mwaka 1989. Ishinomori akaisimulia habari hii kwa kalamu yake ya kuchorea, wala si kwa kulipiza kisasi.

Wewe unayemjua fundi mwenzako, mwalimu mwenzako au mwimbaji mwenzako uliyemchafua kwa watu, naye bado yu hai: nenda kwake wiki hii, kwa miguu yako.