Kumtaja Muuaji Tusiyemjua



Katika likizo ya Krismasi ya mwaka 2022 mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake mazungumzo ya watu waliokuwa wakijadiliana habari za mauaji ya huko Marekani. Wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Idaho walikuwa wameuawa kwa kisu alfajiri ya tarehe 13 Novemba, katika nyumba ya kupanga kwenye mji mdogo uitwao Moscow. Polisi walikuwa bado hawajamkamata mtu. Basi watu wasiojuana, wengine wakikaa mbali kabisa na mji ule, walikuwa wamejifanya wapelelezi. Walitazama picha, walihesabu saa na dakika, waliuliza kwa nini huyu hakulia na kwa nini yule alichelewa kuita msaada. Kijana akaniuliza, "Babu, wewe unadhani ni nani?"

Hapana budi niseme kweli: jibu nilikuwa nalo tayari. Palikuwa na picha za video za usiku ule, zikiwaonyesha wasichana wawili kati ya marehemu wakinunua chakula barabarani, na kijana mmoja amesimama karibu nao. Sura yake sikuipenda. Nikamwelekezea kidole. Mimi niliyefundisha Maarifa ya Dini miaka mingi, ambaye hata ramani ya Idaho sijapata kuitazama, nikamhukumu mtu kwa uso wake.

Polisi walikuwa wamekwisha kutangaza kwamba hawakudhani kijana yule alihusika. Tarehe 30 Desemba walimkamata mtu mwingine, mwanafunzi wa elimu ya uhalifu katika chuo kikuu cha jimbo jirani. Vinasaba vyake vilionekana kwenye ala ya kisu iliyoachwa ndani ya nyumba. Julai 2025 alikiri makosa mahakamani, akapewa vifungo vinne vya maisha. Lakini katika zile wiki karibu saba majina ya watu wengine yalikuwa yamekwisha kutupwa hadharani. Mwalimu mmoja wa chuo kile kile alitajwa kuwa ndiye aliyepanga mauaji, na mwanamke aliyemtaja alisema ameyajua hayo kwa kupiga ramli ya karata! Mwalimu akaenda mahakamani, na mwaka 2024 mahakama ikaamua kwamba amechafuliwa jina. Huyo alikuwa na nguvu ya kushtaki. Sijui wangapi hawakuwa nayo.

Tusidhani jambo hili limeletwa na simu. Mwaka 1888, wanawake walipouawa mmoja baada ya mwingine katika mtaa wa Whitechapel, London, watu walimtafuta mtu waliyempa jina la "Aproni ya Ngozi". Fundi viatu mmoja, John Pizer, alikamatwa kwa tuhuma hiyo, naye akaweza kuonyesha kwamba usiku wa mauaji alikuwa mahali pengine. Ilimpasa asimame mbele ya baraza la uchunguzi wa vifo ili watu wasikie kwamba hana hatia. Muuaji hakupatikana kamwe, na tangu hapo watu zaidi ya mia moja wametajwa vitabuni kuwa ndio, hata mjukuu wa Malkia Victoria. Wafu hawashtaki.

Wengine watasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo li njiani." Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na sasa naitilia shaka. Mara nyingi lisemwalo lipo kwa sababu tumelisema. Tena watasema kwamba raia wakinyamaza, wauaji watastarehe. Hilo lina ukweli wake. Polisi wa Moscow wenyewe waliomba watu walete habari za gari jeupe lililoonekana karibu na nyumba ile. Lakini aliyeona gari huleta habari ya gari. Kuleta ulichokiona ni ushahidi. Kutangaza unachokidhani kana kwamba umekiona ni uongo, hata kama mwisho wake ungebahatika kuwa kweli.

Someni Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, mwanzo wake. Sura hiyo husomwa mara chache makanisani, labda kwa sababu ya yule mtamba anayevunjwa shingo. Mtu amekutwa shambani ameuawa, na aliyemuua hajulikani. Wazee hawaambiwi wakae chini wabuni jina. Wanaambiwa watoke, wapime kutoka kwa maiti mpaka kwenye miji iliyo kandokando. Wazee wa mji ulio karibu zaidi wanashuka bondeni kwenye maji, wananawa mikono, na kusema kwamba hawakuimwaga damu ile wala hawakuona. Mimi naona neno hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza. Ni wangapi kati yetu tunaoweza kusema mbele za watu, "Sikuona"?

Wala sisemi kwamba mtu wa kawaida asijishughulishe. Mwaka 1968, huko Kentucky, alikutwa msichana amekufa, amefungwa katika turubai, akazikwa bila jina. Miaka mingi baadaye Todd Matthews, mfanyakazi wa kiwandani, ambaye mkwewe ndiye aliyeiona maiti, alianza kumtafutia jina. Mwaka 1998 alikuta tangazo katika intaneti: mtu anamtafuta dada yake aliyepotea. Wenye mamlaka walifukua kaburi, vinasaba vikapimwa, na marehemu akarudishiwa jina lake. Hakuna aliyepata kuhukumiwa kwa kifo chake. Matthews alikuwa ametafuta jina la aliyekufa, na alipolipata akalipeleka panapostahili.

Mjukuu wangu hakujua kwa nini nilinyamaza jioni ile baada ya kunyosha kidole. Katika mwaka wangu wa pili tangu kutoka chuo cha ualimu, nikifundisha shule ya bweni, ada ya mwanafunzi mmoja ilipotea. Darasa zima lilitaja jina moja, la mvulana maskini asiyesema sana. Nilimwita mbele, mstarini, nikamtaja kwa majina yake yote mawili, nikamwuliza fedha ziko wapi. Alitazama chini, nami nikaona hiyo ni dalili. Baada ya siku tisa fedha zilionekana ndani ya jalada la kitabu cha Jiografia cha mwenyewe aliyezipoteza. Likizo ilipokwisha, mvulana yule hakurudi.

Nilikuwa nimetangaza mstarini kwamba fedha zimepatikana. Jina lake sikulitaja siku hiyo. Niliona haya.