Kabla ya Sifuri

Shule yetu ya kata iko juu kidogo ya mji wa Lushoto, upande wa Magamba, na mada ya fanksheni ya kidato cha tatu hunikuta kila mwaka wakati wa masika, ukungu unapoingia darasani bila hodi na kwenda kukaa nyuma na wale wasiopenda hisabati. Kwa miaka 22 nimeianza kwa namna moja. Naandika ubaoni maneno mawili ya Kiingereza yanayotakiwa na mtihani wa taifa, kisha nawageukia watoto na kuyatamka kama tunavyoyatamka sisi kwa sisi: domeni na renji. Domeni ni vile unavyoruhusiwa kuingiza. Renji ni vile vinavyoweza kutoka. Mfano wangu ni mashine ya kusaga ya pale sokoni. Inapokea mahindi makavu, inatoa unga. Ukiitilia kokoto utailipa. Na hata umbembeleze vipi mwenye mashine, mchele hautoki.

Mfano huo unatosha kumpatia mtoto alama. Kumkosesha mtu usingizi, hapana. Kilichonikosesha mimi usingizi ni jiwe.

Jumamosi moja niliwapeleka wanafunzi Irente. Kutoka mjini tulitembea kama saa moja na nusu, tukipita mashamba ya karoti na kabichi, na shamba lile la kanisa la Kilutheri linalouza jibini na jamu kwa bei ambayo mwalimu huisoma tu. Halafu ardhi inaisha. Unajikuta juu ya genge, na kule chini, mbali kiasi cha kukutia kizunguzungu, kuna Mazinde, mistari ya mkonge, barabara kuu, reli iliyojengwa na Wajerumani, na nyika inayokwenda mpaka inapotelea katika vumbi lake. Wasambaa tuna namna yetu ya kuigawa dunia: huku juu kwenye unyevu na migomba ni Shambaai, kule chini ni nyika. Wazee hawakuhitaji ramani, walitazama majani. Mimea ya Shambaai ikikoma, Shambaai imekoma. Hiyo nayo ni domeni, ila siku ile haikunijia akilini.

Nilimpa msichana mmoja wa Ubiri jiwe, nikamwambia alishike tu. Tuseme, nikawaambia, kutoka mkononi mwake hadi nyikani ni mita 900. (Genge halishuki wima hivyo, na jiwe lingegonga miti njiani, lakini hesabu za shule hazina miti.) Akiliachia, urefu wake kutoka chini ni 900, utoe 5 mara kipeo cha pili cha sekunde zilizopita. Sekunde ya 10 jiwe lina mita 400. Sekunde ya 13 limebakiza mita 55. Kwenye sekunde ya 13.4 hivi, limefika.

“Na sekunde ya 14?”

Kijana mwenye simu akawahi. “Hasi themanini.”

“Liko wapi jiwe lililo hasi themanini?”

“Chini ya mkonge, mwalimu.”

Wakacheka, nami nikafurahi, maana ndipo nilipotaka wafike. Kanuni haijui kwamba chini kuna ardhi. Ipe 14 itakujibu. Ipe 20 itakujibu: mita 1,100 ndani ya udongo, kwa sauti ileile iliyokuambia kweli kwenye sekunde ya 10. Haigugumizi. Afadhali hata kugawanya kwa sifuri, maana pale hesabu inanyamaza na kila mtu anajua imenyamaza.

Msichana wa Ubiri alikuwa bado ameshika jiwe. “Na kabla ya sifuri, mwalimu?”

Tukaweka hasi 2. Ikatoka 880. Maana yake, kwa mujibu wa kanuni, sekunde mbili kabla hajaliachia, jiwe lilikuwa mita 20 chini yake, likipanda kutoka nyikani. Na sisi sote tulikuwa tunalitazama: lipo kiganjani mwake, limetulia, lina udongo mwekundu upande mmoja. Kanuni ilikuwa imelitungia nasaba.

Wakati wa kurudi alitembea karibu nami, akaniuliza swali lililokuwa limejificha ndani ya lile la kwanza. Kabla Mungu hajaumba ulimwengu, alikuwa anafanya nini? Nikamjibu kwamba tutazungumza, jibu la walimu wote wasio na jibu.

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko fanksheni. Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi inayoitwa leo Algeria, alilishughulikia katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake. (Walutheri wenzangu hushangaa nikiwaambia kuwa alikuwa mtu wa Afrika.) Anasimulia kwamba kuna mtu aliwahi kulijibu kwa mzaha: Mungu alikuwa akiwatayarishia jehanamu wanaochokonoa mambo makubwa. Agostino akakataa kujificha nyuma ya mzaha huo. Jibu lake mwenyewe ni kwamba wakati nao uliumbwa, kwa hiyo hapakuwa na “kabla” ya kuulizia. Miaka kama 700 baadaye, mwaka 1095, Abu Hamid al-Ghazali akafika karibu palepale katika Tahafut al-Falasifa. Akili ya mtu, anasema, haiwezi kuwaza mwanzo bila kuubandika “kabla”, kama isivyoweza kuwaza ukomo wa ulimwengu bila kuubandika kitu juu yake, na vyote viwili ni kazi ya dhana tu. Na katika siku zetu Stephen Hawking alilifananisha swali hilo na kuuliza kuna nini kusini ya ncha ya kusini. Wanafunzi wangu wangemwelewa upesi. Mwaka huohuo wa tatu wanasoma latitudo, na wanajua zinaishia 90.

Nyumba nyingi za huku zina msahafu chumba kimoja na Biblia chumba cha pili. Ningependa kuwaambia watu wake kwamba Agostino, Askofu wa Hippo, na al-Ghazali, Imamu wa Tus, walikubaliana juu ya jambo hili. Kwa lugha ya ubaoni, wote wanasema hasi 2 haimo katika domeni.

Nawaheshimu. Lakini lile jiwe linanizuia kukubali haraka. Hasi 2 haikuwa katika domeni ya kanuni ya kuanguka, sawa. Hata hivyo zile sekunde mbili zilikuwepo. Jiwe lilikuwepo, na mkono ulikuwepo. Kanuni haikuwa na la kusema juu ya mkono, basi. Mtu akiniambia kwamba kabla ya mwanzo ulikuwepo Mkono, sitabishana naye, mimi mwenyewe nasali. Ninachomwomba ni kwamba asichukue kanuni ya kuanguka kwa jiwe akanieleza nayo Mkono ule ulikuwa unafanya nini.

Kuna jambo vitabu vyetu havilisemi vizuri. Mazoezi ya shule huwapa watoto domeni zinazotoka ndani ya kanuni yenyewe: usigawanye kwa sifuri, usitafute kipeuo cha pili cha namba hasi. Mtoto akimaliza zoezi anaamini kwamba kanuni itamwonya daima. Ardhi ya Mazinde haimo ndani ya kanuni. Tuliijua kwa kuwa tuliiona. Wazee wa Mlalo wanaelewa jambo hili bila mwalimu. Katika miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha watu wa milima hii kulima kwa matuta kuzuia mmomonyoko, na kwenye karatasi kanuni ilikuwa safi kabisa. Haikuuliza shamba ni jembamba kiasi gani, wala ni mikono ya nani itakayochimba. Watu wakagoma, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Dada yangu alimzika mwanawe wa miaka sita. Homa, siku nne. Matangani alisimama mtu, na sitataja dini yake kwa sababu nimeshawasikia wa dini zote mbili, akaeleza kwa nini mtoto amechukuliwa. Alieleza kwa mpangilio mzuri: Mungu aliona nini huko mbele, alimwepusha mtoto na nini, anataka mama yake ajifunze nini. Dada alikuwa amekaa mkekani, amejitanda kanga, anakunja na kukunjua ncha yake. Watu walikuwa wanaitikia. Mimi nilisikia hasi 1,100.

Yule bwana hakuwa mwongo. Alikuwa na kanuni iliyomtumikia siku nyingi, ya tendo na malipo yake, kosa na funzo lake. Hata mimi nalea watoto kwa kanuni hiyo, na darasani nisingeweza kuishi bila hiyo. Ila alifika kwenye ardhi asiione, akaendelea kusoma majibu chini ya udongo, kwa sauti ileile.

Bibi yetu mzaa mama alikuwepo. Alikuwa Mwislamu, sisi tumebatizwa. Hakuingia darasa hata moja. Siku zote nne za homa aliomba jambo moja, kwa sauti, usiku na mchana: mponye. Alfajiri mtoto alipokata roho sikulisikia tena neno hilo kinywani mwake. Palepale, kabla hatujamfumba macho, dua ilikuwa nyingine: ampokee, amlaze pema. Hakupumzika katikati. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kibatari, na nilishtuka jinsi kiungo kilivyokuwa laini, kama mtu anayebadilisha mkono wa kubebea mzigo.

Darasani nikiuliza thamani ya moja kugawa kwa sifuri, nusu yao wanaandika sifuri. Nawakata alama zote, kwa kuwa sifuri ni jibu, na pale jibu halipo. Nimejiuliza mara nyingi bibi angeandika nini juu ya ile dua ya kwanza. Hakusema imekataliwa. Hakusema imejibiwa kwa njia nyingine, maneno ambayo waombolezaji wote walikuwa nayo mdomoni. Aliacha tu kuomba kisichoweza kutoka tena, akaomba kilichobaki. Mwenye kuamini miujiza atanipinga kwamba Mungu hana renji. Huenda. Lakini bibi aliamini miujiza kuliko mimi na kuliko huyo anayenipinga, na bado dua iligeuka.

Yule aliyesimama matangani hakukaa mpaka arobaini. Bibi alikaa, na katika siku hizo zote sikumsikia akimweleza dada yangu chochote. Alimsongea ugali, akamchotea maji ya kuoga, na jioni akakaa naye mlangoni.

Msichana wa Ubiri nilimjibu mwaka uleule, siku moja baada ya kipindi, na nilimjibu vibaya. Nilimwambia swali lake halimo katika domeni. Akatulia kidogo, kwa adabu, kisha akauliza hiyo domeni nimeionea wapi. Sikuwa na genge la kumwonyesha. Nilipaswa kumwambia kwamba najua kanuni zangu zinaishia wapi, na kwamba juu ya huko mbele sina ninachokijua. Nilikuwa mwalimu kijana, nikaangalia saa.

Nawe ukifika Irente, nakuomba usirushe jiwe. Kutoka juu huoni mtu, lakini chini ya genge kuna vishamba na njia ambazo watu hupandia wakiwa na mizigo kichwani.