Kutawala na Kutumikia

Je, yaweza kuwa haki mtu kumtawala mwenziwe kwa ajili ya mema yake, pasipo kumwuliza? Swali hili ni kiini cha maneno mawili yasemwayo sana: ukoloni na ukombozi.

Mwaka 1931 Pierre Ryckmans, aliyekuwa baadaye Gavana Mkuu wa Kongo, alitoa kitabu kiitwacho Dominer pour servir, maana yake, kutawala ili kutumikia. Watawala wa Kibeljiji walipenda kujilinganisha na baba, na wenyeji na watoto. Wala si uongo kwamba hospitali, shule na reli zilijengwa. Lakini yafaa kupambanua. Baba mwema humlea mtoto ili akue. Naye akiisha kukua, mamlaka ya ulezi hukoma. Kongo ikawa koloni la Ubeljiji mwaka 1908. Uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya miji ulifanyika mwaka 1957, tena katika miji mitatu tu. Tangu mwaka 1917 sheria iliruhusu mwanakijiji kulazimishwa kulima pamba, na bei yake hakuipanga yeye. Ni baba gani alaye jasho la mtoto, wala hamwambii siku ya kukua kwake?

Tena mtumishi humsikiliza yule anayemtumikia, naye aweza kuachishwa kazi. Atawalaye pasipo kuulizwa wala kuondolewa, hata akigawa mema mengi, hajawa mtumishi. Ndiyo maana Maaskofu wa Kongo walitangaza mwaka 1956 kwamba wakaaji wote wa nchi wana haki ya kushiriki katika uongozi wa mambo ya umma.

Je, mgeni akiondoka, ukombozi umetimia? Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Mwaka 1965 Mobutu alitwaa utawala kwa nguvu ya jeshi; mwaka 1967 akaanzisha chama chake, kikawa cha pekee; akaitwa baba wa taifa, hata alipoondolewa mwaka 1997. Rangi ya mtawala ilibadilika, hoja ikabaki ile ile: baba ajua, watoto wanyamaze.

Basi uhuru wa nchi na uhuru wa raia ni mambo mawili. Wa kwanza humwondoa bwana mgeni. Wa pili humpa kila mtu sauti katika mambo yamhusuyo. Ukombozi hutimia pale aliye chini awezapo kumwuliza aliye juu, "Wamtumikia nani?", naye asiogope kufungwa kwa kuuliza.