Kuchanganya Ndimi Ugenini: Wajibu kwa Nani?

Uchanganyaji ndimi umejadiliwa kwa mapana katika isimujamii, lakini mara chache kama suala la maadili. Poplack (1980), akiwachunguza Wapuertoriko wa New York, alionyesha kwamba wanaobadili lugha ndani ya sentensi moja aghalabu ni wale wanaozimudu lugha zote mbili. Naye Myers-Scotton (1993), akitumia data ya Nairobi, alieleza kwamba mzungumzaji huteua lugha kwa kuzingatia haki na wajibu baina yake na msikilizaji. Kwa hiyo, dai kwamba kuchanganya ni uvivu au ujinga halina mashiko. Hata hivyo, kuthibitisha kwamba tendo lina kanuni si kuthibitisha kwamba ni jema. Anayechanganya lugha akiwa ugenini humkosea nani?

Hali ya wazungumzaji wa Kiswahili nchini Omani inalidhihirisha swali hili. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya Sultani Qaboos kutwaa madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, familia nyingi zilizokulia Afrika Mashariki zilihamia huko. Wengi walikuja na Kiswahili, baadhi na Kiingereza pia, huku Kiarabu chao kikiwa haba. Walifika katika nchi ya mababu wakawa wageni wa lugha yake. Wajukuu wao wamesomeshwa kwa Kiarabu. Katika kikao kimoja cha nyumbani, basi, bibi, mwana na mjukuu huweza kuzimiliki lugha hizo kwa vipimo tofauti.

Mtetezi wa usafi wa lugha huikimbilia methali: mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili ni nini? Neno marahaba limetoka katika Kiarabu, ambako ni tamko la kumlaki mtu yeyote. Kiswahili kimelipa kazi nyingine: ni itikio la shikamoo, nalo hutolewa na mkubwa kwa mdogo. Neno la kuazimwa limebebeshwa adabu ya wenyeji. Usafi, kwa hiyo, hauwezi kuwa kipimo.

Mjukuu anayemwamkia bibi yake kwa salamu ya Kiarabu peke yake hajasema neno baya. Salamu hiyo ni dua, na bibi ataiitikia. Ila huwaweka wote wawili katika daraja moja. Kinachopotea si msamiati tu, bali nafasi ya bibi katika mazungumzo. Akiongeza shikamoo baada ya salamu hiyo, atakuwa amechanganya ndimi na kutimiza wajibu kwa pamoja. Kati ya wajukuu hao wawili, aliyechanganya ndiye mwenye adabu zaidi.

Kosa la kimaadili huanzia pengine. Huanza pale wanawe wanapoyajadili maradhi ya bibi mbele yake kwa lugha asiyoifahamu vyema, na kumrudishia neno mojamoja la Kiswahili. Huanza pia pale mtoto anaporithishwa vipande vya lugha bila lugha yenyewe. Mzazi huchanganya kwa hiari, maana anaweza kurejea katika Kiswahili kamili akihitaji kubembeleza, kuomba radhi au kutoa rambirambi. Mtoto wake hana pa kurejea.

Yawezekana kupinga kwamba hakuna mzazi awezaye kushindana na shule, ofisi na televisheni. Pingamizi hili ni la haki, na linaonya dhidi ya kuitwika kaya moja lawama ya historia nzima. Lakini wajibu hupimwa kwa uwezo. Mzazi hawezi kuibadili lugha ya shule. Anaweza kumsemesha mtoto kwa Kiswahili, na kumtafsiria bibi kinachosemwa. Anayefanya hivyo hana deni, hata kama kila sentensi yake ina lugha tatu.